Vernis Nyekundu

Teksi ya kwenda Kakontwe ilikuwa haijatoka Likasi, na mwanaume aliyekaa mbele alikuwa ameshatukana nusu ya serikali. Nyuma, Josée alijifanya anatazama njia.

"Minye ninapigaka picha za ndoa," mwanaume alimwambia mama wa kitenge aliyekaa kando ya Josée. "Bantu ba bureau ya ndege balikamata drone yangu, kandege ka kupiga picha, juu siko na permis, ruhusa ya kuirusha. Ninaomba permis, kila bureau inanituma ku ingine. Mwaka muzima!"

"Sheria ni sheria, papa," mama alijibu. Josée aliguna moyoni: sheria ni tamu ikifika nyumba ya jirani.

"Kaka yangu ni mukubwa ku ile bureau ya ndege," mama aliongeza akimnyooshea simu yake. "Angalia ndoa ya mutoto wake ya Samedi ya juma ilipita."

Mwanaume akaipokea ile simu. Katika video, drone ilielea juu ya bibi harusi, mguu mmoja wa drone umepakwa vernis nyekundu ya kucha.

"Ile vernis, muke yangu njo alipakaka," alisema polepole. "Ile drone ni yangu."

Teksi ikasimama Kakontwe. Mama alinyoosha mkono kudai simu yake.

Mwanaume akaitia mfukoni.

"Weye iko na permis ya hii simu?"