Kamba za Mkonge za Mwalimu Uweso

Mwalimu Uweso bin Shekhe anastaafu tarehe 30 Novemba 1957, baada ya kufundisha umeme katika shule yetu ya ufundi hapa Tanga kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa bado na miaka ya kazi mbele yake. Macho ndiyo yamemkatalia, nasi tuna huzuni, tusifichane.

Alitoka karakana ya shamba la mkonge, na kamba alikuja nazo. Hesabu ya vizuizi vingi vya umeme, ile ya kutafuta kizuizi kimoja kinachoweza kushika nafasi ya vyote, hakuianzia ubaoni. Aliitandaza uani kwa kamba, kila mwanafunzi akasimama mahali pa kizuizi. Waliofuatana kwenye kamba moja walijumlishwa. Waliosimama sambamba, kila mmoja na njia yake, nguvu yao ya kuzuia ilipungua. Kwani wageni wa harusi, alisema, wakifunguliwa mlango wa pili hawasongamani. Vijana walikunjwa hivyo, kila kundi likiwakilishwa na mmoja, mpaka akabaki mmoja uani, na huyo ndiye jibu. Mimi Laurenti, mwalimu wa useremala darasa la jirani, wanafunzi wangu waliishia dirishani kuwatazama.

Kamba ndizo zilikuwa nyaya: penye fundo, zimeungana. Kamba zikipandana tu bila fundo, hazijuani. Kila mwaka walikosea hapo, na kila mwaka aliwatania kuwa kupishana njiani si kuoana.

Macho yalipoanza kufifia alivua viatu, akawa anazisoma kamba kwa nyayo. Tulidhani ni mbwembwe zake. Mwezi Agosti alikanyaga kamba zilizopandana, akadhani ni fundo, akatoa jibu lisilo sahihi. Darasa zima lilinyamaza kwa heshima, likaandika jibu lile lile. Jioni Zebedayo, kiongozi wa darasa, alimfuata, akampa shikamoo, akamweleza taratibu kwamba pale hapakuwa na fundo.

Mwalimu alimshukuru. Asubuhi akaenda kwa mkuu wa shule kuomba kupumzika. Tulimsihi abaki, tukamwahidi msaidizi. Alijibu kwamba giza angelizoea, lakini hawezi kufundisha watu wanaomwonea huruma, maana hatajua tena nani ameelewa. Bi Asmahani, mkewe, alilia mbele yetu; Mwalimu mwenyewe hakulia.

Ahsante, Mwalimu. Nenda kwenu Mkwaja kwa amani. Mungu akupe siha na maisha mema, na akujaalie jirani atakayekwambia kweli papo hapo, huku amekushika mkono.