Siku Charlène Alipanda Fakilte

Pale Nyawera, hapa Bukavu, pembeni ya parking ya mamoto, zile pikipiki za kubeba watu, kuko benchi moja ya mbao yenye maman Madeleine anauzishia kahawa. Mimi natengenezaka matelefone pale karibu, basi mukono yangu iko kwa kazi na masikio iko kwa benchi. Siku ile hakuna mutu alikuwa anakaa vizuri. Charlène, mutoto mukubwa wa Madeleine, alikuwa amepanda asubuhi kwa fakilte ya médecine, kule wanasomea udaktari. Maprofesa walimuita waongee naye uso kwa uso kabla ya kumukamata kama mwanafunzi, juu alimaliza sekondari na pointi nzuri, lakini buletini zake, zile karatasi za pointi, za miaka ya kwanza zilikuwa za kuficha. Mwaka wa pili alianguka kabisa, akarudia. Saa sita ilipita, mutoto hajashuka. Madeleine aliacha kahawa ikachemuka mpaka ikamwangikia moto.

— Maman Madeleine, unatuunguzia dawa! alisema Delphin. Huyu ni motard, anabebaka watu na moto, tunamuita Minisitiri juu iko na mupango kwa kila shida ya mutu mwengine.

— Niache, Minisitiri. Roho yangu haiko hapa.

— Nilimuambia jana, asibebe zile buletini za zamani. Aseme nyumba iliungua. Hapa Bukavu nani atakatala? Kila wiki nyumba inaungua.

— Na wakituma mutu kwa masomo, kule alisomeaka, kuuliza?

— Aseme na masomo iliungua.

Marcellin alicheka mpaka akakohoa. Huyu tunamuita Lisansie: alisoma histoire kwa chuo kikuu mpaka mwisho, sasa anaendesha moto kama Delphin.

— Wewe utamufungisha mutoto ya watu. Mimi ningemutuma Burundi. Anapita Kamanyola, anavuka mupaka, kule hakuna mutu anajua kama aliangukaka.

— Buletini haivuke na yeye? aliuliza Minisitiri.

— Inavuka, lakini inafika imechoka.

— Lisansie, sikia. Aanzie kwa kutibu nyama. Vétérinaire banakamata kila mutu. Anasoma maini ya mbuzi miaka mbili, kisha anaomba kuhamia kwa batu. Maini ni maini.

— Mutoto wangu hatatibu mbuzi, alisema Madeleine.

— Basi aingie usista! Lisansie alisimama sasa, kikombe mukononi. Masista bakimupenda banamutuma Ulaya, anasoma udaktari bure, anarudi, anavua kitambaa, anafungua cabinet yake ya kutibia hapa hapa.

— Na Mungu? niliuliza.

— Mungu atapata daktari. Anapoteza nini?

— Mimi naona abatizwe upya, alisema Minisitiri. Jina mupya, pointi mupya.

Tulicheka, lakini Madeleine hakucheka. Alikuwa anapanguza kikombe kimoja tangu zamani, kikombe chenyewe kilikuwa kisafi. Maman mumoja wa Mudaka, aliyekuwa anangojea moto na kitunga yake ya mashu, zile kabichi, alisogea akaketi mwisho wa benchi. Alisalimia, akapewa kahawa, akaanza kunywa.

Njo Charlène akatokea. Alikuwa anashuka mubiombio, viatu mukononi, miguu na vumbi. Benchi nzima ilisimama.

— Banasema nini? Madeleine alimushika bega. Sema, mutoto!

— Acha nikae kwanza, maman.

Alikaa. Alikunywa kahawa ya Lisansie bila kuomba.

— Balikuwa batatu. Ule muzee wa katikati aliweka zile buletini mbele yangu, akaniuliza: «Hii ni nini, mademoiselle?»

— Ukasema nyumba iliungua! alisema Minisitiri.

— Hapana, tonton. Nilisema ukweli. Nilisema nilikuwa naimba. Kulikuwa orchestre moja ya kuimbia mandoa, kila siku répétition, mazoezi tu. Nilikuwa natoka nyumbani na uniforme, nafika njiani nageuka. Sikuwa mugonjwa, sikuwa nakimbia vita. Nilikuwa napenda kushika micro.

Madeleine alimuangalia kama anamuona kwa mara ya kwanza. Yeye alitufasiria siku zote kama ni malaria njo iliangusha mutoto.

— Wakasema nini?

— Wakaniuliza ni nini ilibadilika. Nikawaambia ni Merveille.

Merveille ni mudogo wake. Charlène aliporudia ule mwaka, mudogo alimufikia, wakaketishwa kwa benchi moja ya darasa.

— Siku ya kwanza sikumuangalia, alisema Charlène. Nilikuwa na haya ya kufa. Darasa lote lilikuwa linatucheka. Yeye akasogeza tu kitabu chake cha chimie katikati yetu. Kila jioni alikuwa ananifasiria, nikikosea ananifasiria tena, hata mara moja hakunitukana. Orchestre nikaacha. Tukamaliza pamoja, Exetat, ule mutihani wa mwisho wa serikali, tulifanya siku moja.

— Ule muzee akasema nini? aliuliza Lisansie.

Sura ya Charlène ilifunguka.

— Akasema: «Na huku, nani atakufundisha?» Nikamujibu kama mwaka wa mwisho mimi njo nilikuwa namufundisha Merveille biologie. Wakacheka. Wamenikamata, maman! Mwaka mumoja ya kujaribu. Nikianguka, natoka.

Madeleine alipiga kigelegele mpaka mamotard wa parking wakageuka. Minisitiri alikumbatia Lisansie. Kila mutu alianza kusema kwamba yeye alijuaka tu. Mimi niliacha skrini ya watu wazi, nikapiga makofi.

Yule maman wa Mudaka alingojea kelele ishuke. Alimupa Charlène mukono, akamupongeza vizuri. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

— Na ule mudogo, yeye anaenda kusomea nini?

Minisitiri, mwenye mipango yote, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Lisansie aliangalia moto yake. Mimi najua nyumba ile: baba alipotelea kwa machimbo ya Mwenga, na kahawa ya Madeleine inaweza kusomesha mumoja, na huyo kwa taabu. Merveille alikuwa ndani ya soko tangu asubuhi, anauzisha unga. Wote tulimupita pale, hakuna aliyemuuliza.

— Yeye alisema nianzie mimi, Charlène alijibu. Halafu sauti ikapunguka. Lakini sikumuuliza alikuwa anataka nini.

Charlène alivaa viatu vyake, akasimama, akakata barabara katikati ya mamoto kuelekea soko. Alikuwa anakimbia.