Delia Geraghty, Aliyeondoka Bila Kuagwa

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii tumempoteza Delia Geraghty wa Lidcombe, hapa Sydney. Delia, mama mkwe wa dada yetu Cherotich. Wengi mlimjua kama Kogo, yaani bibi, jina alilopewa na wajukuu.

Delia alizaliwa kijijini Ayalandi, katika nyumba ya mawe iliyoezekwa nyasi. Sakafu ya udongo. Mlango ulikatwa katikati: chini hufungwa kuku wasiingie, juu huachwa wazi mwanga upite. Kuni hawakuwa nazo. Walichoma udongo wa kinamasi uliokaushwa juani. Na moto ule haukuzimika. Usiku mama yake aliufukia kwa majivu, alfajiri akaufukua.

"Hata kwetu Kapsabet, Kenya, moto tuliufukia hivyo," Cherotich alimwambia siku alipoletwa nyumbani kama mchumba. Delia akacheka, akamvutia kiti. Tangu hapo wakawa watu wa kupikiana na kusimuliana.

Mwaka juzi mwanawe Brendan, mumewe Cherotich, alisafiri kwenda kuiona nyumba ile. Akapiga simu.

"Mum, paa limeanguka."

"Na mekoni?"

"Ng'ombe wa jirani wanalala humo."

Delia alimrudishia Cherotich simu. Hakuitaja tena nyumba ile.

Mpaka Jumatatu wiki hii, akiwa mahututi kitandani. Cherotich alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Delia akamshika mkono, akamdhani ni mama yake.

"Mama, mbona hukugeuka? Nilisimama mlangoni na sanduku langu. Wewe unachochea moto tu."

Cherotich hakukijua kisa hicho. Hakuna aliyekijua. Msichana wa miaka kumi na tisa aliondoka kuja Sydney bila kuagwa, na mama yake hakumwona tena. Uchungu huo aliubeba peke yake hadi uzeeni.

"Nilikuwa nalia, mwanangu," Cherotich akajibu. "Sikutaka uone."

"Ah," akasema Delia. Ndilo neno lake la mwisho.

Jana, kabla ya maziko, padri aliuliza mama yake Delia aliitwa nani, amtaje katika sala. Brendan akamtazama mkewe. Cherotich akatikisa kichwa. Miaka yote hiyo walimsikia akisema "mama" tu. Brendan akajiinamia, akalia kama mtoto.

Brendan, Cherotich na watoto, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze Kogo mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mlio na wazee nyumbani, leo kaeni nao. Msiishie kuwauliza wameamkaje. Waulizeni mama zao waliitwa nani, na mngoje wajibu.