Mzee Hodi na Nyumba ya Juu Mizabibuni

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Hodi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba la maji. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu baba yetu, fundi wa mabehewa, na marehemu mama yetu, mfumaji wa vikapu. Mimi ninayesoma ni dada yake aliyemfuata kuzaliwa, fundi cherehani. Nimechaguliwa kusoma kwa sababu eti nina sauti kubwa. Haya, mtanivumilia.

Chumba chetu kilikuwa kimoja na wote tulilala humo. Akiwa bado mdogo, marehemu alichukua nyuzi za mama, akachomeka vijiti kwenye sakafu ya udongo, akakigawa chumba kuwa vyumba vinne na korido. Aliyeruka uzi alirudishwa. Baba alicheka, akaruka, akarudishwa naye. Mama peke yake ndiye aliyesimama mbele ya pengo lililoachwa, sufuria ya uji mkononi, akasema, "Hodi humu ndani." Marehemu akajibu, "Karibu, mama. Pita mlangoni." Jina likamganda tangu hapo.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na karakana ya reli, kisha sekondari ya bweni, ambako alipatana na hesabu na kununiana na masomo mengine yote. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha upimaji ardhi na mipango miji, akahitimu mwaka 1979. Mwezi Julai mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya mipango ya halmashauri, akapewa meza ya kuchorea yenye mguu mfupi. Aliuwekea kipande cha tofali, na alipostaafu tofali lilikuwa bado lipo.

Katika kazi yake hakuwahi kuiamini karatasi. Kabla msingi haujachimbwa, alipigilia vigingi na kuvuta kamba nyumba nzima kwa ukubwa wake halisi, akamwaga chokaa penye milango, kisha akawaita watakaokaa humo waje watembee. "Keti hapo, mama. Sasa nenda jikoni. Umeona? Unamgonga mgeni na sufuria." Basi kamba zilihamishwa. Masoko, vituo vya mabasi, mitaa ya nyumba, vyote alivipanga hivyo. Na hakuna aliyesamehewa hodi, hata mkurugenzi, mbele ya nyumba ambayo haikuwepo.

Tarehe 12 Desemba 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, mwoka mikate, mwanamke wa maneno machache na yote ya moto. Walijaliwa binti mmoja na kijana mmoja. Maisha yao yote waliishi kwenye nyumba za watu. Nimewahi kumsikia wifi akimwambia mezani, "Mume wangu, umewapangia nyumba mpaka wauza samaki. Mimi lini?" Marehemu aliahidi nyumba yenye dirisha la jikoni linalotazama mbali, ili akiwa anakanda unga asitazame ukuta. Aliirudia ahadi hiyo miaka nenda rudi, naye wifi aliipokea kwa kuguna.

Alistaafu mwaka 2016. Tukadhani sasa atapumzika. Miaka miwili baadaye kampuni ya mvinyo ilimfuata na kazi ambayo, kwa maneno yake, aliingojea tangu zile nyuzi za mama: kupanga kijiji kizima kwenye mteremko mtupu. Kulitakiwa mashamba ya mizabibu, kiwanda cha mvinyo na nyumba za watalii wanaokuja kuonja na kulala. Marehemu aliweka nyumba za wakulima katika mtaa uleule wa wageni, si nyuma ya kiwanda penye majitaka. Maji ya mvua yatoke mapaani yaingie bwawani, yamwagilie mboga, yanayobaki yashuke mizabibuni. Makapi ya zabibu yageuzwe mboji. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Alionja mvinyo mara moja, akauliza kama kuna sukari. Badala ya sehemu ya ujira wake aliomba kiwanja cha juu kabisa, cha nyumba ya mkewe. Wakakubaliana kwa mdomo, wakapeana mikono.

Akavuta kamba kijiji kizima. Nilikwenda huko kumpelekea suruali nilizomshonea, na nasema nilichokiona, anayetaka aamini. Hapakuwa na ukuta hata wa kufika goti, lakini nilipoingia katika mtaa ule sauti yangu ilibadilika, kama mtu anayeongea ndani ya korido. Mbwa wa mlinzi alizifuata kamba mpaka kwenye chokaa, ndipo akakata kona. Mpishi wa wafanyakazi alikuwa amehamishia jiko lake mbali, juani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu bila kuniangalia, "Dada, pale ni chumbani kwa watu. Nikikaa naona haya."

Nilicheka. Kisha yakaja manyunyu, na msimamizi wa ujenzi akanishika mkono, akanipandisha hadi nyumba ya juu. Mteremko wote ulikuwa umelowa. Ndani ya kamba za nyumba ile, vumbi lilikuwa vumbi kavu. Marehemu alikuwa ameketi juu ya ndoo, mahali pa jikoni, akitazama bonde. Akaniambia tu, "Futa miguu, dada." Nilifuta miguu. Siku hiyo sikucheka tena.

Mwaka 2022 kampuni ilipata mwenyekiti mpya. Akaifuta nyumba ya juu kwenye mchoro na kuweka ukumbi wa kuonja mvinyo. "Mzee wangu," alimwambia, "mgeni anataka glasi mkononi na jua linazama mbele yake. Siwezi kumwonyesha jiko la mtu." Marehemu alirudi nyumbani, akakaa bila kula. Wifi akamsihi aachane nao, wao wawili wamezoea nyumba za kupanga, watakufa wanapanga. Akamjibu, "Nimekwisha kuivutia kamba. Sasa nikutoeje ndani ya nyumba yako?" Wifi alikasirika, maana hakuwa amekanyaga pale hata siku moja. Alikuwa amesema ataingia siku ina paa, si kabla.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua Agosti mwaka huohuo, na Aprili 2023 alilazwa asiweze tena kusimama. Mwenyekiti akaamuru vigingi vya juu ving'olewe. Viling'olewa. Asubuhi msimamizi akavikuta vimesimama, kamba imekazwa, chokaa mbichi mlangoni. Akawafokea vijana wa kazi, vikang'olewa tena, vikarudi tena. Huku hospitalini muuguzi alimuuliza wifi ni nani anayemletea mgonjwa chokaa, kwa sababu kila akimwosha mikono, kucha zake zilikuwa nyeupe. Marehemu naye alikuwa akimuuliza mkewe swali moja tu: "Umefunga dirisha la jikoni? Kuna vumbi." Mwanzoni wifi alimwambia ameota. Mwishoni akawa anamjibu, "Nimefunga, baba watoto. Lala."

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mkewe akiwa amemshika mkono.

Asubuhi hiyohiyo mwenyekiti alikuwa amepanda mteremkoni kuving'oa vigingi kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwa na habari ya msiba. Hata sisi tulikuwa hatujawapigia simu. Msimamizi, ambaye yupo hapa, anasema bosi wake aliinua mguu auvushe juu ya kamba, mguu ukakataa. Akabaki hivyo kitambo. Kisha akazunguka hadi kwenye chokaa, akavua viatu, na mtu huyo ambaye hata ofisini hujiingilia tu akasema, "Hodi." Msimamizi hakusikia jibu. Mwenyekiti anasema yeye alisikia. Aliingia, akasimama palipo dirisha, akatoka kwa mlango uleule. Alipotoka alirudisha mkono nyuma, akavuta kitu hewani, akakifunga taratibu. Akasema, "Nyumba ya mama itajengwa." Tulipompigia ndipo akajua mwenye nyumba hayupo. Ameirudia ahadi hiyo mbele ya ukoo mzima, mara hii kwa maandishi. Ameketi mstari wa mbele; msimkodolee macho, ana haya.

Jana mchana wifi aliomba nimpeleke akaone mahali tutakapomlaza mumewe, chini kidogo ya nyumba ile. Tulipomaliza, akapanda peke yake hadi kwenye chokaa. Niseme ukweli, niliogopa kwamba akiingia hatatoka. Wameishi pamoja karibu miaka arobaini, na tangu msiba alikuwa hali, hasemi, na macho yake yalikuwa juu kule. Nikamkimbilia, nikamshika mkono wa gauni. Yeye akasimama wima, akasema, "Hodi." Akainamisha kichwa kidogo, akisikiliza. Upepo ulikuwa mwingi mteremkoni kote, lakini kamba za nyumba ile hazikutikisika. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akafuta machozi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu.

"Wifi," akaniambia, "ananikataza. Anasema nije siku ina paa." Usiku wa jana alikula.

Marehemu ameacha mke, binti ambaye ni mwalimu, kijana wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, kaka mmoja, mimi dada yake, shemeji na wapwa wengi. Ameacha pia kijiji ambacho kuta zake zimeanza kupanda, na miche ya mizabibu iliyokwisha kushika.

Tutakapombeba tutapita katika mtaa wa kamba. Ndugu zangu, tafadhali msiruke, piteni milangoni, na wabebaji wasione aibu kupiga hodi. Mkisikia "karibu", itikieni kwa heshima, muendelee na safari.

Kaka yetu apumzike kwa amani nyumbani kwake, na asiwe na haraka ya kumkaribisha mtu.