Suti ya Sindano Imegoma Kufunga

Benchi letu liko mbele ya duka la Sindano, fundi cherehani, na hatuoni aibu kusema ndilo benchi lenye akili kuliko yote mtaani. Asubuhi hiyo birika lilijaa kahawa, na Sindano naye alijaa vilevile. Siku kadhaa hajapata choo. Kesho binti yake anahitimu uuguzi, na suti aliyojishonea kwa siku hiyo imegoma kufunga kifungo.

— Si uipanue kiuno? nikamwambia.

— Nipanue? Kazi ya mkono wangu? Bora nisiende!

— Na ile dawa?

— Unga wa kulainisha choo? Tangu jana, kimya.

Bomba, fundi wa mabomba, akatua kikombe.

— Ile inasukuma. Bomba likiziba, unasukuma kwa juu. Vumilia, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba si ndicho hiki kimejaa, ndugu yangu!

Spika, fundi redio, akacheka kwa dharau.

— Kusukuma wapi! Ule unga una chaji. Utumbo unapigwa shoti, unaruka, mzigo unashuka.

— Shoti bila waya? Bomba akauliza.

— Redio ina waya na kituo? Inadaka mawimbi. Sindano, geuzia tumbo kwenye ule mnara wa redio.

Na Sindano, Mungu amsamehe, akageuka.

— Mimi nimeulamba mkavu, akatamba. Mwanamume hazimui dawa!

Binti yake alikuwa amekuja kuchukua joho lake lililopigwa pasi. Akasimama pale mlangoni, ametusikia yote.

— Shikamooni. Baba, maji umekunywa?

Tukatazamana. Benchi zima, na akili zote zile, tukachungulia vikombe vyetu vya kahawa.

— Maji ya nini? Sindano akauliza.

— Dawa hii haisukumi, wala haipigi shoti. Inabaki utumboni, inavuta maji, choo kinalainika. Usipokunywa maji, ivute nini?

— Kahawa je?

— Baba!

Akamkorogea kipimo cha leo kwenye maji, kama karatasi ya dawa inavyosema, akamsimamia mpaka tone la mwisho.

— Ikigoma, twende zahanati. Na suti isipofunga kesho, njoo nayo wazi. Nikivaa joho, nataka nikuone mbele kabisa.

Alipoondoka, Sindano akapangusa midomo, kisha macho.

— Nitaenda hivyo hivyo, kifungo wazi, akasema. Lakini mmemsikia? Na cheti bado hajapewa!