Bi Taratibu na Hewa ya Chumba cha Klorini

Wasikilizaji wapendwa, mliopo jikoni wekeni vyombo chini kidogo. Leo tuna msiba. Tunamkumbuka mama aliyekuwa fundi wa vipima gesi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Kazini walimwita Bi Taratibu. Amefariki wiki hii kwa maradhi ya moyo, nyumbani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono.

Fundi wa vipima gesi ni nani? Maji yetu husafishwa kwa klorini, na klorini ikivuja inaua. Kwa hiyo pampu ndogo huvuta hewa ya chumba cha mitungi ya klorini na kuipeleka kwenye kihisi, kidude kisichozidi kifuniko cha chupa. Gesi ikikigusa, kinazaa umeme kidogo mno. Umeme ukipanda, king'ora kinalia. Kidude hicho ndicho kilichokuwa kazi ya Bi Taratibu.

Mumewe alikuwa mwendesha mitambo hapohapo. Binti yao anakumbuka: "Baba alikuwa anamtania, 'Mke wangu, hicho kidude unakitazama kuliko mimi.' Mama anamjibu, 'Wewe ukilia najua una njaa. Hiki sijui kinalilia nini.'"

Na kweli kililia. Asubuhi kinalia, mchana kinalia, gesi hakuna. Bi Taratibu akabadilisha kihisi. Kikalia. Akabadilisha tena, kikalia vilevile. Watu wakachoka. Siku moja, watu wa zamu wakakizima king'ora, angalau wapate kusikilizana.

Siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, klorini ilikuwa inavuja kweli. Mumewe akafungua mlango kwenda kubadilisha mtungi, gesi ikampokea. Walimtoa akiwa hai. Jioni hakuifikia.

Kwenye msiba wa mumewe, mdogo wake huyo mume, fundi bomba wa mtambo uleule, alimkabili shemeji yake mbele ya watu. "Mashine yako imemuua kaka yangu." Tangu hapo shemeji hakumsalimia tena, miaka nenda miaka rudi, na wanapishana kila siku kwenye ujia mmoja.

Alirudi kazini. Akakiweka kile kihisi mezani, akabadilisha jambo moja moja. Ndipo akagundua: kihisi kilikuwa kizima. Hewa ndiyo iliyokuwa na matatizo. Pampu iliyochakaa ilikuwa inaisukuma kwa mikupuo, kama mtu mwenye kwikwi, na kila mkupuo ukija, umeme unaruka. Mafundi huita hizo kelele za umeme. Sikio halizisikii. Unaziona kwenye skrini, mstari unatetemeka kama mkono wa mgonjwa wa homa.

Akapunguza kasi ya pampu. Mstari ukatulia. Mkuu wa mtambo akafurahi, "Kimenyamaza! Tuache hivyohivyo."

Lakini Bi Taratibu alikuwa amekijaribu kwa gesi kidogo, kikasoma pungufu. Hewa ilikuwa dhaifu mno, gesi haikifikii kihisi kwa kiasi cha kutosha.

"Bosi," akamwambia, "kunyamaza si kupona."

Akaweka pampu mpya, na kati ya pampu na kihisi akafunga kopo tupu. Hewa inaingia na kwikwi, maana hata pampu mpya haizikosi, inajikusanya, inatoka imetulia, na kasi inatosha. "Taratibu, ila isikatike," alikuwa akiwaelekeza wenzake, mpaka likawa jina lake.

Basi king'ora kikakaa kimya muda mrefu. Wengine walidhani kimekufa. Halafu siku moja, mchana kweupe, kikalia. Hakuna aliyesema kizimeni. Mtu akapiga kelele, "Mashine ya Bi Taratibu ikisema gesi ipo, ipo! Tokeni!" Shemeji alikuwa ameshika kitasa cha chumba cha mitungi. Akakiachia, akakimbia. Na ndani gesi ilikuwa inavuja kweli.

Getini wakaitwa majina. Wote wapo. Shemeji akamwendea Bi Taratibu, anahema. "Shemeji, nimekukosea."

"Vuta pumzi kwanza," akamwambia. "Maneno yapo."

Watu wakawa wanakumbatiana, wengine wanacheka kwa woga uliowatoka. Bi Taratibu alikuwa ameugeukia mlango wa mtambo, uleule mumewe aliotolewa, hapepesi macho. Yaliyofuata tumesimuliwa na shemeji mwenyewe, na mara ya kwanza alishindwa kuyamaliza.

"Nikamuuliza, shemeji, unamsubiri nani? Wote tumetoka. Akasema, 'Najua. Niache nitazame kidogo.'"

Kwa binti, kwa shemeji, kwa wafanyakazi wote wa mtambo, poleni sana. Pengo lenu hatuwezi kuliziba kwa maneno, lakini tuko nanyi. Bi Taratibu atazikwa kesho pembeni mwa mumewe. Shemeji ameomba ashike jembe yeye kwanza.

Nasi tuliobaki tutafakari. Leo umerudi nyumbani mzima. Yuko mtu mahali fulani aliyefanya kazi yake vizuri ili urudi, na wala humjui. Mwombee.