Mama Kasiani katika Orodha ya Marejeo

Mwaka 1973 kijiwe chetu kilikuwa kwenye baraza la posta ya Mtwara, penye birika la Fikirini, muuza kahawa tuliyemwita Jaji. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshika tasnifu ya marehemu mke wangu, Salma, kuhusu mbegu za mpunga za Kitaya, kijiji cha kando ya Mto Ruvuma. Chuo kilikuwa kimeikubali, ila orodha ya marejeo irekebishwe: kila aliyehojiwa aandikwe kwa jina lake mwenyewe, mahali na tarehe, kwa kufuata alfabeti. Asiye na jina, maelezo yake yafutwe. Gari la posta lilikuwa linaondoka saa sita. Jina moja lilikosekana. Salma, kwa heshima, aliandika “Mama Kasiani” tu, na sura nzima ya tatu ni maneno ya mama huyo. Mumewe, Feliciano, ambaye huleta samaki wakavu mjini kila wiki, alikuwa ameketi mbele yangu.

— Baba Kasiani, mama anaitwa nani?

— Mama Kasiani.

— Jina alilopewa na wazazi wake.

— Mwalimu, mke wa mtu hatajwi hivi hivi barazani.

— Kweli, alisema Jaji. Mweke kwenye K. Kasiani katoka tumboni mwake, ni yeye yule.

— Kasiani ana ndevu, alisema Alawi, fundi cherehani tuliyemwita Risiti kwa kuwa haamini neno lisilo na karatasi. Mweke kwenye M, Mama.

— Mama wako wangapi nchi hii? niliuliza.

— Basi andika Mto Ruvuma, alisema Jaji. Mpunga si wa mto?

— Mto ulihojiwa tarehe ngapi? aliuliza Alawi.

— Tarehe ninayo, nilisema. Kumi na nne Juni.

— Umeona? Mto una tarehe.

Saa tano na nusu Agnes, karani wa posta, alitoka nje.

— Bahasha, Mwalimu. Nafunga gunia.

Nikamweleza. Akamgeukia Feliciano.

— Baba Kasiani, mkiwa wawili tu nyumbani, unamwitaje?

Jaji aliinua kifuniko cha birika, akakirudisha, akanimiminia kikombe cha kahawa.

— Amelia, alisema Feliciano mwishowe. Amelia Joaquim.

— Sasa ulikuwa unaficha nini? niliuliza.

— Na mimi nilihojiwa. Nimo humo, kwenye F. Yeye A. Kasiani anajua kusoma. Ataona baba yake yuko chini ya mama yake, tena chuo kikuu.

— Kwani nyumbani kwako hali ikoje? aliuliza Alawi.

Feliciano alicheka kabla yetu.

Nikaandika: Amelia Joaquim, Kitaya, 14 Juni 1972. Feliciano aliinama akanitazama mpaka nilipoweka nukta.

— Umwandike vizuri. Mbegu zile anazitambua kwa kidole tu, bila kutazama. Alimfundisha mkeo siku tatu.

— Imo, sura ya tatu. Haifutwi tena.

Agnes aliichukua bahasha, akaigonga muhuri, akaitia guniani.

— Salma kamaliza kazi, alisema Feliciano.

— Kamaliza, nilisema. Nikagundua kwamba kahawa yangu ilikuwa bado ya moto.